Injini inagonga? Isikilize kwanza, halafu usimfichie mwenzio



Najua nimepotea. Likizo nzima sijaandika hata mstari mmoja, na walionitafuta kwenye simu niliwajibu "nipo Ilagala" basi, yameisha. Sasa nimerudi chuoni hapa Dodoma tangu juzi. Begi bado linanuka mawese, na dagaa nimeshagawa (wa chumba changu mnajijua, ule mfuko ulikuwa wa wiki mbili, si siku mbili!). Leo sina stori ya lekcha wala ya bumu kuchelewa. Nina jambo limenikaa kooni tangu nyumbani, na ni la gari la kaka yangu.

Niseme mapema ninachokiamini ili asiyetaka kusoma yote aondoke nacho. Gari kuukuu la mbio likianza kugonga, kuna makosa mawili tunayafanya. La kwanza, tunalizika kabla ya kulipima. La pili, tukishajua kweli ni bovu, tunaliziba mdomo ili alinunue mwingine. La kwanza linakula pesa yako. La pili linakula ya mwenzio, na ndilo lililonifanya niandike.

Basi bwana. Kaka yangu anafanya biashara ya mawese. Ananunua madumu kwa madumu huko vijijini ng'ambo ya Malagarasi, anashusha Kigoma mjini, mengine yanapanda lori mpaka Dar. Miaka sita ameweka akiba. Nyumbani wote tulijua ile pesa ni ya mashine ya kukamulia mawese, maana ndiyo ilikuwa mazungumzo ya kila siku tukila ugali wa muhogo. Mara paap, napigiwa simu: "Dogo, jiandae, nakupitia Dodoma twende nyumbani, nimevuta ndinga." Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, injini EJ20 yenye turbo, rangi ya bluu, ekzosi kama mdomo wa sufuria. Milioni kumi na nne zimekwenda. Mama aliposikia hakusema kitu siku mbili. Wanaomjua mama wanajua hiyo ni hukumu kubwa kuliko matusi.

Msimcheke kaka lakini. Hilo gari lina jina lake, na jina hilo lilitengenezwa huku huku kwetu Afrika Mashariki. Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1996 na Kenneth Eriksson, 1997 na Colin McRae, halafu 2000 na Richard Burns. Vumbi, mawe, matope, na bado likafika la kwanza. Kijana aliyekulia kwenye barabara ya vumbi akiliona hilo gari anajiona yeye. Ila tunasahau jambo moja: yale magari ya mashindano yalikuwa na kundi la mafundi nyuma yake, na injini ilikuwa inafunguliwa na kukaguliwa kila mara. Hili la kaka lina zaidi ya miaka ishirini. Limekimbizwa Japani, likapanda meli, likapita mikono mitatu hapa Bongo. Tunanunua jina la mshindi, tunaletewa mstaafu.

Safari yenyewe nilikuwemo, kwa hiyo mimi ni shahidi. Dodoma, Singida, Nzega, Tabora, mpaka Kigoma. Ukihesabu kutoka Dar alikotoka yeye, ni zaidi ya kilomita 1,200. Lami ikinyooka kaka anakanyaga, turbo inapiga mluzi, mimi nimeshika mlango na dua zangu. Tulipolala Tabora nikamuuliza, "Kaka, umepima oili?" Akanijibu, "Taa haijawaka, wasiwasi wa nini?"

Wadau, hapo ndipo pa kuweka kidole. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika haipimi wingi wa oili. Inapima msukumo wake. Inawaka msukumo ukiwa umekaribia kwisha kabisa, yaani gari linakuambia "nakufa" na siyo "nina kiu". Injini za turbo za umri ule zinaweza kunywa oili bila kuvuja hata tone chini. Dawa yake ni kijiti cha kupimia, dakika mbili, bure. Kaka hakukichomoa kijiti kile tangu Dar.

Kigoma tulifika salama. Kesho yake tukashika njia ya nyumbani, na tulipopita Simbo, kwenye vilima na kona, nikaanza kusikia. Ko-ko-ko-ko. Kaka akaongeza muziki (ndiyo, aliongeza muziki!!). Tulipokaribia Ilagala muziki ulikuwa umeshindwa. Tukaingia nyumbani watoto wanatukimbilia, gari linapiga hodi lenyewe.

Kaka akampigia fundi mmoja wa mjini, akaweka simu karibu na boneti, akawasha. Sekunde kumi tu. Fundi akasema, "Hiyo imenoki, bosi. Achana nayo. Nakuagizia injini Dar, milioni nne na nusu, mpaka ifungwe andaa sita."

Hili neno "kunoki" nina ugomvi nalo. Kwa Kiswahili chetu cha gereji, injini ikinoki maana yake imekufa. Lakini asili ya neno ni kugonga tu. Yaani tumeligeuza jina la dalili likawa cheti cha kifo. Mimi nasoma udaktari mwaka wa tatu. Mgonjwa akija na kikohozi hatumwandikii kaburi. Kikohozi kinaweza kuwa mafua, pumu, TB au moyo. Tunaanza na maswali: kilianza lini, kinazidi wakati gani, kinapungua ukifanya nini. Halafu tunasikiliza kifua. Vipimo vinafuata, na kisu kinakuja mwisho kabisa. Sasa injini ya milioni nne na nusu inahukumiwa kwa simu sekunde kumi?

Nikamwambia kaka zima, usiwashe tena hata mara moja, nakuja. Nikaenda mwaloni kumtafuta babu mmoja ambaye tangu tuko wadogo anatengeneza injini za mashua za wavuvi. Nikamsalimia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo si petroli? Mimi watu wangu wanakunywa dizeli." Nikasema ndiyo babu, lakini inagonga. Akacheka, "Kugonga ni kugonga." Akachukua begi lake la spana.

Alipofika hakufungua boneti. Alikaa kwenye kigoda akamhoji kaka kama nesi wa mapokezi. Nilikaa pembeni na daftari, na ninayaandika hapa kwa sababu maswali yale yangewaokolea watu wengi pesa.

"Inagonga ikiwa baridi au ikipata moto?" Kama inagonga asubuhi tu na ikipata moto inanyamaza, mara nyingi ni pistoni zimepata nafasi kidogo ndani ya silinda, zinapiga ukuta mpaka zitanuke. Injini za Subaru zina tabia hiyo sana na nyingi zinaishi nayo miaka. Kama inazidi kadiri inavyopata moto, hapo kaa vizuri, maana oili ikipata moto inakuwa nyepesi na chuma kinaanza kukutana na chuma.

"Inagonga ukikanyaga mlimani, au hata ukiachia?" Ya mlimani pekee, inayolia kama kokoto ndani ya kopo na kukata pale pale ukiachia pedali, mara nyingi ni mafuta. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Gari hili lilitengenezwa kwa petroli nzuri ya Japani, ile ya okteni 100 hivi. Babu akauliza, "Mafuta mliweka wapi?" Kaka akainamisha kichwa: kibandani, kwenye chupa. Wakubwa wanakumbuka uchakachuaji. Ulikuwa mkubwa mpaka mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya. Mafuta ya taa yanashusha okteni, na injini ya turbo ikipewa petroli ya hivyo inajipiga nyundo yenyewe. Kwa hiyo lilikuwa swali la haki kabisa. Lakini ya kwetu ilikuwa inagonga hata ukiachia pedali. Mafuta yakatoka kwenye orodha, angalau kama jibu lote.

"Inagonga haraka kama injini inavyozunguka, au nusu yake?" Hili lilinifurahisha. Kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka mara moja wakati krenkishafti inazunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa juu kwenye valvu unakwenda nusu ya mwendo, ni mwepesi, tik tik tik kama cherehani. Mlio wa chini kwenye krenkishafti na konrodi unakwenda na mwendo wote, mzito, kama mtu anagonga mlango wa mbao kwa ngumi.

Baada ya maswali ndipo akafungua boneti, na bado hakushika injini. Alianza na vitu vya bei ya soda. Akatikisa bati la kuzuia joto la ekzosi kama limelegea. Akaangalia raba za kushikilia injini. Akafungua kava la mkanda wa taimingi na kubinya kile kikaza mkanda, kwa sababu kikichoka nacho kinapiga kelele ya kutisha, na watu wameshabadilisha injini nzima kwa ajili yake! Vyote vikawa vizima. Kaka alikuwa anaomba kimoja kiwe kibovu, nilimwona midomo inacheza.

Halafu kijiti cha oili. Oili haikufika hata alama ya chini. Babu akaweka tone kati ya vidole, akavivuta. Ikavutika kama mlenda. Akamwangalia kaka, akasema taratibu, "Hii si oili peke yake. Hapa kuna kitu kimetiwa."

Akaongeza oili mpaka kiwango, akasema tutawasha mara mbili tu, kila mara chini ya dakika moja. Mara ya kwanza akachukua bisibisi refu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mimi nikatoa stetoskopu yangu (msinicheke, ilikuwemo begini). Injini ya Subaru silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, zinatazamana kama watu wanaorushiana ngumi. Upande wa dereva kulikuwa na mngurumo wa kawaida. Upande wa abiria, nyuma, chini: ko, ko, ko. Sauti hiyo imeingia mpaka kwenye meno yangu.

Mara ya pili akachomoa waya wa nozeli moja moja, yaani silinda moja inanyimwa mafuta huku nyingine zinafanya kazi. Akachomoa ya kwanza, ko-ko-ko vile vile. Ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Ya nne, ile ya nyuma upande wa abiria, mlio ukapungua mpaka ukawa kama mtu anagonga akiwa amevaa soksi. Akarudisha waya, ngumi ikarudi. Akazima. Mantiki yake ni rahisi: ukiondoa mlipuko juu ya pistoni, konrodi haisukumwi kwa nguvu, kwa hiyo beringi iliyolegea haipigwi sana. Silinda inayobadilisha mlio ndiyo yenye kidonda.

Bado hakusema imekufa. Akamwaga oili kwenye beseni kupitia kitambaa cheupe, akakianika juani. Kitambaa kikametameta kama kimepakwa ile poda ya maharusi. Akaomba sumaku, mdogo wetu akaleta ya spika ya redio mbovu. Ilishika vichache sana. Chembe nyingi zilibaki pale pale kwenye kitambaa. Akakata filta kwa msumeno, akakunjua karatasi yake, ni yale yale. Chuma cha krenkishafti kinashikwa na sumaku. Uso wa beringi umetengenezwa kwa madini laini yasiyoshikwa. Kwa hiyo kilicholika zaidi ni beringi, na krenkishafti huenda bado inaokoleka.

Babu akanawa mikono, akasema, "Beringi ya konrodi, silinda ya nne. Haijafa. Inaumwa. Lakini mkiliwasha tena kwenda hata sokoni, konrodi itatoboa ukuta, na hapo ndipo mtatafuta injini ya milioni nne."

Niwaeleze kwa nini beringi, maana hapa ndipo siri ya yule muuzaji ilipo. Konrodi haikai chuma kwa chuma kwenye krenkishafti. Katikati kuna utando wa oili unaosukumwa na pampu, na nafasi yenyewe ni sehemu chache tu kati ya mia za milimita moja, nyembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana kwa sekunde chache, beringi inaanza kulika. Ikilika nafasi inakua, nafasi ikikua konrodi inapata mahali pa kuruka, ikiruka inapiga, ikipiga inalika zaidi. Ukitaka kuificha, unaweka oili nzito mno au ile dawa inayouzwa ya kuifanya nzito. Inajaza ile nafasi kama godoro, mlio unatulia. Kwa siku chache gari ni bikira. Mnunuzi anakuja, anawasha, kimya, anatoa pesa.

Lakini nafasi ipo pale pale. Oili nzito inachelewa kufika kwenye beringi asubuhi injini ikiwa baridi. Ikipata moto wa kilomita mia kadhaa inalainika. Kiwango kikishuka, kwenye kona na mlima pampu inavuta hewa badala ya oili. Ndiyo maana gari lilinyamaza Dar, likanyamaza Tabora, likaja kusema ukweli Simbo.

Kaka alikaa chini ya mwembe. Nikadhani analia, kumbe anapiga hesabu. Usiku tukiwa tunakula migebuka akasema, "Nimepata wazo. Tutafute ile ile oili nzito, tulipeleke Kasulu, tuliuze wiki hii hii. Mimi si wa kwanza." Baba mdogo akatikisa kichwa kama anayekubali. Mama akaacha kula.

Wadau, naomba mnielewe. Huyu ni kaka yangu. Ada yangu ya mwaka wa kwanza alilipa yeye kabla mkopo haujatoka. Pesa ya mashine ndiyo imelala pale chini ya mwembe. Sikuwa na milioni ya kumpa, nilikuwa na mdomo tu. Nikamwambia, "Kaka, Kasulu kuna dogo kama wewe. Naye ameweka akiba miaka sita. Naye mama yake atanyamaza siku mbili." Akasema, "Na mimi nilihurumiwa na nani?" Nikakosa jibu la haraka. Ni swali zito, na wengi wetu tunaishi kwa hilo swali.

Jibu lilinijia kesho yake, na lilitoka kwetu kwetu. Mnaijua MV Liemba. Wengine mmeipanda. Ile meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja Kigoma ndani ya masanduku, ikaunganishwa na kuingizwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Vita ilipowaelemea Wajerumani, Julai 1916, waliamriwa waizamishe isichukuliwe na adui. Waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, yaani hapa kwetu. Lakini kabla ya kuizamisha, wale mafundi watatu waliokuja nayo walizipaka injini zake grisi nene kila mahali. Adui ndiye angefaidi wakati ule, bado wakaipaka. Waingereza walipoiinua Machi 1924, injini na boila zilikutwa bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na injini zile za mvuke zikaendelea kupiga kazi mpaka miaka ya 1970 zilipowekwa za dizeli.

Nikamwambia kaka: ona, ni grisi na oili zile zile. Wale walipaka ili atakayekuja nyuma yao akute injini nzima, hata kama hawamjui, hata kama ni adui yao. Aliyekuuzia alipaka ili anayekuja nyuma asijue kuwa ni mbovu. Wewe utapaka ya nani?

Hakunijibu. Alinyanyuka akaenda kuangalia madumu yake.

Najua wapo watakaosema biashara ni biashara, mnunuzi afungue macho. Nakubali nusu. Mnunuzi afungue macho na masikio pia: awasha gari likiwa baridi kabisa (mkikuta limeshapashwa moto kabla hamjafika, ondokeni), liendeshwe mpaka lipate moto, kijiti kichomolewe, oili iguswe, muuzaji aulizwe alibadilisha lini na kwa nini. Stika ya usalama barabarani kwenye kioo haisemi lolote kuhusu beringi. Ukiwa na fundi wako mwaminifu mlipe nauli aende nawe. Elfu hamsini ya fundi leo ni nafuu kuliko milioni sita kesho.

Lakini nusu nyingine siikubali. Muuzaji akishaweka dawa ya kuficha, macho ya mnunuzi amekwisha kuyafumba yeye. Hiyo si biashara tena. Na si suala la pesa tu. Injini ikikwama ghafla kwenye kasi ya 120, usiku, gari limebeba familia, hapo hatuzungumzii beringi. Mimi huwa nawaona wodini wanaoletwa kutoka barabara hii ya Singida. Hakuna anayeandika kwenye faili kwamba kilichomleta ni uongo wa muuzaji.

Na mafundi, samahani kwa wale waungwana, nanyi mna deni. Fundi anayesema "imenoki" kwa simu anajua injini mpya ina faida kuliko saa tatu za kusikiliza. Babu wa mwaloni alitoza elfu ishirini na migebuka miwili. Kama kila gereji ingeanza na maswali, nafasi ya uongo ingepungua, kwa sababu muuzaji angejua kuwa mnunuzi ana mtu wa kumsikilizia.

Mwisho wa stori? Haujafika. Gari liko chini ya mwembe juu ya mawe, limefunikwa turubai, na kuku wamehamia. Kaka alimpigia aliyemuuzia, simu inaita tu. Lakini kabla sijaondoka alinifuata stendi, akanipa nauli, akasema kama anayetupa maneno pembeni: "Nimemwambia yule jamaa wa Kasulu kwamba silinda ya nne ina beringi mbovu. Amesema kwa bei hiyo hataki." Kisha akasema injini itashushwa msimu wa mawese ukichanganya, krenkishafti ipelekwe kupimwa mjini, ikikubali inachongwa na kuwekwa beringi za saizi yake, na pampu na bomba la kunyonya oili vikaguliwe, maana bila hivyo ni kurudi kule kule. Mashine ya mama imesogezwa mbele tena. Imemuuma kila mtu.

Mama lakini ameanza kuongea naye. Alimwambia, "Bora gari bovu uani kwangu kuliko laana Kasulu."

Haya, mimi natokomea, kesho nina mzunguko wa wodi saa moja asubuhi. Wenye magari ya kurithi na ya kujikopesha, kachomoeni vijiti vyenu usiku huu huu. Na kama kuna mtu hapa amewahi kuuziwa gari lililozibwa mdomo, aniambie alifanya nini. Aliuza mbele au alikaa nalo? Mjibu kwa ukweli, msijifanye watakatifu.